Mkono wa Fundi na Moyo wa Mji

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Liko swali ambalo kwa dhahiri yake ni dogo, lakini ndani yake mna mambo makubwa. Swali lenyewe ni hili: je, msikiti usio na kuba wala mnara ni msikiti uliotimia? Swali hili laulizwa khasa na ndugu zetu wa bara, katika vijiji kama Nyamigogo, iliyo katika nchi ya Biharamulo na Ngara, mkoa wa Kagera. Waislamu wa vijiji hivyo, wakitaka mahali pa kusali jamaa, hujenga kwa kile walicho nacho, nacho ni matofali ya udongo wa nchi yao na mabati ya kuezekea. Kisha hutokea mfadhili, na mara nyingi ni mtu wa pwani au mtu aliyepitia pwani, naye huleta pamoja na fedha zake ramani ya msikiti wenye kuba la rangi na minara miwili. Hapo ndipo watu hushikwa na haya kwa msikiti wao wa udongo, kama kwamba sala walizozisali humo zilikuwa na upungufu.

Enyi ndugu zangu wa pwani, sisi ndio tuwajibikao kulijibu swali hili kabla ya mtu mwengine, kwani sisi ndio tupelekao michango, na mchango hauendi peke yake. Waenda pamoja na rai zetu juu ya nini kilicho kitukufu na nini kilicho duni. Basi yatupasa tuzijue rai hizo zimetoka wapi, kabla ya kuwabebesha wenzetu kwa jina la dini.

Neno nitakalojaribu kulithubutisha katika kurasa hizi ni kwamba fundi hajengi kwa mkono wake tu, bali hujenga kile ambacho watu wa mji wake wanakitukuza. Fikra za watu zikigeuka, na nakshi hugeuka, na mlango hugeuka, na paa hugeuka. Mtindo wa jengo, basi, ni khabari ya watu waliolijenga. Dini yao huenda ikawa ndani ya khabari hiyo, na huenda ikawa haimo.

KHABARI YA MSIKITI WA MADINA

Imepokewa na Imam Bukhari kutoka kwa Abdullahi bin Umar kwamba msikiti wa Mtume (S.A.W.) ulijengwa kwa matofali mabichi ya udongo, ukaezekwa makuti ya mtende, na nguzo zake zilikuwa magogo ya mtende. Sayyidna Abubakari hakuongeza kitu. Sayyidna Umar aliupanua, lakini akaurudisha katika namna ile ile ya udongo na mtende. Kisha Sayyidna Uthman, mwaka wa 29 wa Hijra, aliugeuza. Kuta alizifanya za mawe yaliyochongwa nakshi na chokaa, na nguzo za mawe vile vile, na dari ya msaji. Watu wakasema sana. Naye akawajibu kwa hadithi ya Mtume juu ya fadhila za mwenye kujenga msikiti kwa kutaka radhi za Mwenyezi Mungu.

Tazameni sana khabari hii. Kibla hakikugeuka, wala rakaa hazikuzidi wala kupungua. Kilichogeuka ni hali ya watu. Nchi za Shamu na Iraki zilikuwa zimefunguliwa, mali imeingia Madina, na watu wameanza kujenga nyumba zao vizuri; Sayyidna Uthman akaona si adabu nyumba ya Mwenyezi Mungu iwe duni kuliko nyumba za waja wake. Ama Sayyidna Umar kabla yake aliona khatari ya upande wa pili. Yeye alimwamrisha mjenzi awasitiri watu na mvua, na akamhadharisha na rangi nyekundu na ya manjano asije akawatia watu katika fitina. Hawa wote wawili ni makhalifa waongofu. Mmoja alichelea nyoyo kushughulika na mapambo, na mmoja alichelea dini kudharauliwa. Kila atakayejenga msikiti hata siku ya Kiyama atakuwa yuko baina ya khofu hizi mbili.

Ama mnara, Bilal alikuwa akiadhini juu ya nyumba ya mwanamke mmoja wa Bani Najjar, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa ndefu kuliko nyengine zilizouzunguka msikiti. Mihrabu ya kuingia ukutani ilitiwa pale Madina wakati Umar bin Abdulaziz alipokuwa liwali wake, akiujenga upya kwa amri ya Walid bin Abdulmalik, baina ya mwaka 88 na 91 wa Hijra. Na Kuba ya Mwamba katika Baitul Makdis ni ya mwaka 72 wa Hijra, yaani 691 au 692. Al-Maqdisi, mwanachuoni wa khabari za nchi aliyekuwa mzaliwa wa mji huo, aeleza kwamba Abdulmalik aliliona kuba kubwa la kanisa la Manasara, akachelea lisije likatukuka katika nyoyo za Waislamu, ndipo akaijenga kuba hiyo. Basi kuba hili tulionalo leo kuwa ni alama ya Uislamu lilianza kwa fikra ya kushindana na jirani. Sisemi kwamba fikra hiyo ilikuwa mbaya. Nasema ilikuwa fikra ya watu katika wakati wao, wala haikuteremshwa kwa wahyi.

KHABARI YA PWANI YETU

Na tuje kwetu. Wachimbuzi waliochimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, katika miaka ya 1980, walikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwengine mahali pamoja. Wa chini kabisa ulikuwa mdogo, wa miti, nao ni wa mwisho wa karne ya 8. Juu yake ilifuata mengine, hata ikafikia ile ya matumbawe. Waislamu wa kwanza wa pwani hii, basi, walisali katika kibanda cha miti, na sala yao ndiyo iliyotufikisha sisi hapa. Na Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliwakuta watu wake ni wa madhehebu ya Shafi, akaisifu misikiti yao iliyokuwa ya mbao kwa ufundi wa ujenzi wake.

Mwaka huo huo alifika Kilwa, katika zama za Sultani Al-Hasan bin Sulaiman, na fikra za Kilwa zilikuwa nyengine. Dhahabu ya Sofala ilikuwa ikipita mikononi mwao, na marikebu zao zikifungamana na Aden na Bara Hindi. Basi wakataka mji wao ufanane na miji mikubwa ya Waislamu. Msikiti Mkuu wa Kilwa, ambao sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11 au ya 12, ukapanuliwa katika karne ya 14, na baada ya kuanguka ukajengwa tena katika karne ya 15 kwa kuba na matao. Nje ya mji, juu ya jabali linaloitazama bahari, likajengwa jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Jumba hilo halikumalizwa, wala halikukaliwa muda mrefu.

Hapa pana mazingatio. Ibn Battuta alikuwa mtu apendaye kueleza majumba ya wafalme, na aliandika khabari za Sultani huyo kwa urefu; lakini alichokiandika ni ukarimu wake, unyenyekevu wake, na jinsi alivyokaa na kula na mafakiri. Khabari ya jumba hakuiandika. Watu walimwita Sultani huyo Abul Mawahib, maana yake mwenye vipawa vingi vya kutoa, na jina hilo ndilo lililosafiri duniani. Jumba limebaki magofu wanayokaa popo.

Katika karne ya 18, Lamu na Pate zilitoa mtindo mwengine kabisa. Nyumba ya muungwana wa Lamu, ukiitazama kwa nje, ni ukuta mweupe usiosema neno. Mgeni hukomea darakani. Akipita akaingia ndani, kadiri anavyokwenda mbele ndivyo nakshi zinavyozidi, hata afike chumba cha ndani kabisa, chenye ukuta mzima wa zidaka zilizochongwa katika chokaa, zikiwekwa sahani za Kichina na vitabu. Upana wa vyumba hivyo ulikatwa na urefu wa boriti za mkoko, kiasi cha mita 2 na nusu au 3, kwa hivyo vyumba ni vyembamba na virefu. Kwa nini uzuri ulifichwa ndani? Kwa kuwa kilichotukuzwa kilikuwa sitara. Heshima ya mtu ilikuwa katika kile asichokionyesha njiani. Lakini tusiwasifu kupita kiasi, kwani nyuma ya ukuta ule mweupe mlikuwa pia na watumwa waliopiga chokaa na kubeba mawe, na uungwana ule ulikuwa na mlango ambao si kila Mwislamu aliruhusiwa kuuingia.

Mwisho wa karne ya 19, Habib Saleh bin Alawi Jamalilel, aliyetoka Visiwa vya Ngazija, alisomesha Lamu watu ambao waungwana hawakuwaona kuwa ni watu wa ilimu, wakiwemo watumwa na wageni. Fikra hiyo ilihitaji mahali pake. Msikiti wa Riyadha ukasimama Langoni, upande wa nyumba za udongo na makuti, wala haukusimama Mkomani penye majumba ya mawe. Anayetaka kuona jinsi fikra inavyouchagulia msikiti mahali pake na atazame ramani ya mji wa Lamu.

Ama Unguja, mambo yaligeuka kwa namna nyengine. Sayyid Barghash alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, lenye nguzo za chuma na roshani zilizolizunguka pande zote, na humo ndimo umeme ulimoanzia katika Unguja, na lifti katika Afrika ya Mashariki. Linganisheni jumba hilo na nyumba ya Lamu. Lile la Lamu lilikuwa limeupa mgongo mji, na hili la Unguja lauelekea mji na bandari na kila merikebu iingiayo. Hayo si ajabu, kwani wakati huo kilichotukuzwa kilikuwa kuonekana. Sultani alikuwa akitazamwa na mabalozi na manuwari za Wazungu, akataka waone kwamba naye ana cha kuonyesha. Milango ya mji nayo ikafuata. Ile ya zamani ilikuwa na kizingiti cha juu kilichonyooka, yenye waridi na minyororo iliyochongwa kwa utulivu. Ya mwisho wa karne ile ikawa na tao juu na majani yaliyosongamana kwa mtindo wa Kihindi. Ndani ya Beit al-Ajaib milango ilichongwa aya za Qurani na kutiwa dhahabu. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jumba hilo ilianguka, na watu wawili wakafa. Lakini Sayyid Barghash huyo huyo ndiye aliyeyaleta maji safi mjini kwa mabomba kutoka Chemchem, na mtu mwenye insafu akipima mambo hayo mawili atajua lipi lililo karibu zaidi na sadaka yenye kuendelea.

Na sasa sikilizeni jambo la kuchekesha na la kufundisha pamoja. Misikiti ya zamani ya pwani yetu ilikuwa, ila michache, haina minara mirefu wala makuba. Uko mnara mnene wa Msikiti wa Mandhry wa Mombasa, wa mwaka 1570 kama yasemwavyo, na ule wa Shela, wa mwaka 1829, nao ukikutajia kwa mbali umbo la mkate wa sukari. Nyingi ziliadhiniwa juu ya dari. Kisha katika zama za Waingereza ofisa mmoja mjenzi wa serikali, J. H. Sinclair, aliijaza Unguja makuba na matao aliyoyadhani kuwa ndiyo sura ya nchi za Kiislamu. Nyumba ya ukumbusho, Beit al-Amani, iliyofunguliwa mwaka 1925 kwa kumbukumbu ya vita vya 1914 hadi 1918, ina makuba kuliko msikiti wowote wa zamani uliokuwa mjini. Basi Mnasara aliweka kuba juu ya makumbusho, na Mwislamu alisali chini ya boriti zilizonyooka. Yupi kati yao aliyekuwa katika Uislamu? Atakayesema kuba ni dini, na ajibu swali hilo.

KHABARI YA SANAMU NA SURA

Hapana sanaa inayofuata moyo wa watu upesi kuliko sanamu, na kwa sababu hiyo sharia imeikabili kwa ukali kuliko jengo. Ibn Abbas ameeleza katika kuifasiri Sura ya Nuhu kwamba masanamu yaliyotajwa humo yalikuwa kwanza majina ya watu wema. Walipokufa, wenzao walisimamisha mawe katika mabaraza yao ili wawakumbuke, wala hawakuabudiwa. Waliposhika wengine waliofuata, na ilimu ikasahauliwa, ndipo yalipoabudiwa. Jiwe lilikuwa lile lile. Kilichogeuka ni fikra ya waliolitazama. Hii ndiyo hikima ya kuuziba mlango tangu mwanzo.

Mwenye kuchora sura ya mwenye roho amekatazwa, na hayo ndiyo madhehebu yetu kama alivyoyaeleza Imam Nawawi. Ama miti na visivyo na roho havina ubaya. Alipokuja kwa Ibn Abbas mtu aliyekuwa akila kwa kazi ya kuchora, alimwonya, kisha akamwelekeza kwenye miti. Na Bibi Aisha, Mtume (S.A.W.) alipochukizwa na pazia lake lenye sura, alilikata akalifanya mito ya kuegemea. Katazo hilo halikuwaua mafundi wa pwani, bali liliwafungulia njia. Walipokwisha kuambiwa wasimchonge mnyama, waligeukia jani, ua, mnyororo, na hati, wakazichunguza hata wakafikia uzuri ambao mataifa mengine yamekuja kuununua. Hata pale walipomchonga samaki chini ya miimo ya mlango, walimgeuza hata habakii ila magamba.

Tazameni na walio jirani zetu, ili tujue kwamba kanuni hii ni ya watu wote. Wamakonde walichonga vinyago kwa ajili ya unyago na kumkumbuka mama wa ukoo. Walipokuja kufanya kazi Tanganyika na kupata wanunuzi wa Kizungu na wa Kihindi, kinyago kikawa cha kuuza. Samaki Likankoa akatoa mtindo wa mashetani mwishoni mwa miaka ya 1950. Na mtindo wa watu waliobebana mmoja juu ya mwengine, uliosifiwa kwa jina la Ujamaa, ukaenea wakati ambapo siasa ya nchi, baada ya Azimio la Arusha la 1967, ilikuwa ikisema neno hilo kila siku. Mti ni ule ule wa mpingo. Alipotukuzwa mama wa ukoo, ulitoa mama; lilipotukuzwa soko, ulitoa shetani; ilipotukuzwa siasa, ulitoa mnara wa watu.

KHABARI YA BARA

Msidhani kwamba nchi ya Nyamigogo ilikuwa tupu, ikitungoja sisi tuijaze. Nchi hiyo, katika khabari za misafara, iliitwa Usui. Wazee wetu waliotoka Bagamoyo wakafika Unyanyembe, ndipo wakashika njia ya kaskazini kwenda Karagwe, walipita humo na kulipa hongo kwa mfalme wake. Mwingereza Speke aliipita mwaka 1861, wakati wa mfalme Suwarora. Mbele yake, Karagwe, mfalme Rumanyika aliweka katika makao yake ya Bweranyange mikuki, ngoma, na ng'ombe waliofuliwa kwa chuma. Kwa nini ng'ombe, na kwa nini chuma? Kwa sababu katika nchi zile utukufu wa mfalme ulikuwa katika mambo mawili hayo, makundi ya ng'ombe na ufundi wa kufua. Na ng'ambo ya mto Kagera, katika nchi ya Gisaka ya Rwanda, wanawake walipamba kuta za ndani kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu, wakainua mistari na pembe za rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Kazi hiyo yaitwa imigongo. Hamna ndani yake mtu wala mnyama, bali hesabu ya mistari tu. Na mtu wa Lamu aliyezoea zidaka akiiona hatakuwa mgeni nayo.

Nyumba za nchi hizo zilikuwa za msonge, mviringo, zilizoezekwa nyasi hata chini. Misafara ya pwani ilipokaa Unyanyembe na Kafuro, nyumba ya pembe nne yenye baraza ilianza kuonekana, kisha ikaenea. Baadaye wamisheni na serikali wakaiongezea nguvu. Wajerumani nao, mwanzoni mwa karne ya 20, walijenga ngome yao nyeupe pale Biharamulo, na maana yake ilisomwa na kila mtu bila ya kufundishwa: kuna mwenye nguvu juu ya nchi. Hivyo katika muda wa maisha ya mtu mmoja, mtu wa Usui aliona nyumba tatu, na kila moja ilimwambia neno lake juu ya nani mtukufu.

Lakini Uislamu uliingiaje katika nchi za maziwa? Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara aliyekuwa na makao Kafuro ya Karagwe, alifika kwa Kabaka Suna wa Buganda mwaka 1844. Alipoona watu wakiuawa barazani kwa Kabaka, alimkabili mfalme kwa kumwambia kwamba watu hao wameumbwa na Mwenyezi Mungu, kama alivyoumbwa yeye mwenye kuwaua. Kabaka akashangaa, akaanza kuuliza, naye akaanza kumsomea. Hakuwa na kuba nyuma yake wala mnara. Alikuwa na neno la haki, na moyo wa kulisema mahali pa khatari. Hilo ndilo jengo la kwanza la Uislamu katika nchi zile, na misingi yake ni hiyo.

JAWABU

Basi jawabu la swali ni hili. Msikiti huwa msikiti kwa ardhi iliyowekwa wakfu kwa ajili ya sala, na hutimia kwa kusaliwa. Kuba si nguzo wala si sharti, na hakuna hata mmoja wa maimamu wetu aliyelihesabu katika hayo. Msikiti wa udongo wa Nyamigogo umekaribia kwa sura msikiti wa Mtume (S.A.W.) kuliko misikiti yetu mingi. Mwenye kuuonea haya, aionee haya fikra yake kwanza.

Wala siharamishi kuba. Anayesema kwamba kila pambo ni uzushi wa kutoa mtu motoni au kumtia amemsahau Sayyidna Uthman. Na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31 na 32, ametuamrisha kuchukua pambo letu katika kila mahali pa ibada, akawalaumu wanaoharamisha pambo alilowatolea waja wake, kama alivyokataza israfu. Ndugu wa bara aweza kusema: hapa kijijini pana makanisa yenye minara, na watoto wetu wanayaona kila siku, basi nao wapate kitu cha kujivunia katika dini yao. Neno hilo lina uzito. Ndiyo khofu ile ile iliyomshika Abdulmalik. Lakini mtoto atakayeuona mnara na asipate wa kumsomesha Juzuu Amma atajivunia tofali, na tofali halimjibu mtu suali kaburini.

Kwa hivyo napendelea mambo haya yapimwe kwa utaratibu. Kwanza ni mali. Fukahaa wetu wamesema kwamba mali iliyowekwa wakfu kwa kuamirisha msikiti haitumiwi kwa nakshi na mapambo, basi michango ya mafakiri isiende katika rangi ya kuba ilhali kisima hakuna. Pili ni haja. Nchi ya Kagera ina mvua nyingi za misimu miwili. Ukuta wa udongo huko huhifadhiwa na paa lililoteremka mbele na msingi wa mawe, na kuba lililojengwa na fundi asiyelijua hupenyeza maji juu ya vichwa vya wenye kusali. Sayyidna Umar alianza na mvua kabla ya rangi, nasi tuanze alipoanzia. Tatu ni mwalimu. Mfadhili ajiulize kama thamani ya mnara mmoja haimlishi mwalimu wa chuo miaka mingi. Nne ni nia. Mtume (S.A.W.) ametuonya na zama ambazo watu watafakharishana kwa misikiti. Mwenye kutoa kwa sharti jina lake liandikwe ukutani, na autazame moyo wake kabla ya kuutazama ukuta.

Kama mambo hayo manne yametimia, kisha watu wenyewe wakapenda kuba, na walijenge. Na wakipenda kuupamba msikiti wao kwa mistari ya nchi yao, kama ile ya kuta za Gisaka isiyo na roho ndani yake, sioni wa kuwazuia, ila wasiiweke upande wa kibla ikamshughulisha mwenye kusali, kwani Mtume (S.A.W.) aliivua nguo yenye alama iliyomshughulisha katika sala yake, akairudisha kwa aliyempa. Mawaridi ya Kihindi tuliyapokea katika milango yetu, na matao ya Kiajemi katika mihrabu zetu. Kwa dalili gani tutaukataa mkono wa Mwislamu wa Kagera?

NASAHA KWETU SISI

Nasi tulio pwani tusiwape wenzetu nasaha tukajisahau. Tumeona watu wakiibomoa misikiti ya wazee iliyo mizima, kwa sababu tu kwamba imepitwa na mtindo. Waliojenga upya msikiti wa Kizimkazi katika karne ya 18 waliuhifadhi ukuta wa kibla na maandishi yake ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, na kwa adabu yao hiyo sisi leo twajua umri wa Uislamu wetu. Tumeona kuta za matumbawe zikipigwa saruji. Na chokaa huuacha ukuta kupumua, lakini saruji huufungia unyevu ndani hata ukaoza. Tumeona milango ya mababu ikiuzwa kwa wageni. Na tumeona makaburi yakijengewa kwa fahari, ilhali Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza karaha ya kuyapaka chokaa na kuyajengea na kuyaandika, na kwamba jengo lililojengwa katika makaburi ya watu wote hubomolewa. Nguzo za makaburi za Kaole, Kunduchi na Malindi, zilizopambwa mabakuli ya Kichina, ziko hadi leo, na wengi wa waliozikwa chini yake hawajulikani majina.

Kila mtindo niliouelezea hapa ulikuwa na watu walioamini kwamba ndio wa mwisho na ndio wa haki. Husuni Kubwa ilidhaniwa itadumu, na Beit al-Ajaib ilidhaniwa itadumu. Nabii Hud (A.S.) aliwalaumu watu wake kwa kujenga katika kila mahali palipoinuka kwa mchezo, na kuyafanya majumba kana kwamba watakaa milele. Basi mtu wa pwani atakapoulizwa na ndugu yake wa Nyamigogo amjengee nini, asikimbilie kuchora ramani. Amuulize kwanza wana nini, wana watoto wangapi wasiosoma, na maji wanayateka wapi kwa ajili ya udhu. Baada ya hapo ataijua ramani yenyewe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azitengeneze nyoyo zetu, ili mikono yetu itengenee, na azikubali sala zilizosaliwa chini ya kuba na zilizosaliwa chini ya nyasi. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.